Paka ashaanza kuruka, mshono bado mbichi

Jioni ya kwanza haina shida. Paka wa miezi mitano aliyefungwa uzazi asubuhi hurudi nyumbani ndani ya katoni, macho yamemtoka, kichwa kinayumba kama cha mlevi, na nyumba nzima inamwonea huruma. Kesho yake anakula. Siku ya tatu watoto wakitoka shule wanamkuta amepanda pazia hadi juu ya kabati la vyombo, kisha akashukia vitambaa vya kochi akimfukuza mjusi. "Huyu ashapona," anasema mama, na katoni inaenda kuwashia jiko.

Hajapona. Siku hiyo ya tatu ndiyo ya kumchunga kuliko hata ile ya kwanza.

Wengi huuliza kwa nini apasuliwe akiwa mdogo vile. Jibu la kwanza ni mahali tunapoishi hapa Kenya: Homa Bay iko nusu digrii tu kusini mwa ikweta, na Migori digrii moja hivi. Sasa, kizazi cha paka jike huamshwa na urefu wa mchana. Kule Ulaya, mchana ukifupika wakati wa baridi, paka wengi hukaa miezi kadhaa bila kutafuta dume. Huku jua huchomoza na kutua karibu saa zile zile mwaka mzima, kwa hiyo paka wa Mbita au Rongo hana msimu wa kupumzika. Anaweza kuanza kulialia usiku akiwa na miezi minne, mimba yake ni ya siku 63 hadi 65, na anaweza kushika nyingine kabla wale wa kwanza hawajaacha kunyonya. Tena kuna faida isiyoonekana kwa macho: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kuwa paka aliyefungwa uzazi kabla ya miezi sita hupunguziwa hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 91.

Katika upasuaji wenyewe, daktari hutoa ovari zote mbili, na mara nyingi mji wa mimba pia, kupitia mkato mdogo tumboni. Kisha hushona tabaka kwa tabaka. Ngozi unayoiona wewe ni ya juu tu. Kinachozuia utumbo usitoke ni utepe mweupe, mgumu, ulio katikati ya tumbo pale misuli ya kulia na ya kushoto inapokutana, na huo umeshonwa ndani, huuoni. Aliyewahi kukandika nyumba ya udongo anajua habari hii. Ukuta wa juzi umekauka nje, unang'aa, lakini ukiuegemea bega linazama.

Kwa siku nne au tano za mwanzo kidonda hushikiliwa na uzi peke yake. Mwili bado unafagia: chembe nyeupe za damu zinaondoa uchafu na vijidudu, ndiyo maana pana wekundu na uvimbe kidogo. Baada ya hapo ndipo chembe nyingine huingia na kuanza kusuka nyuzi za kolajeni. Hata wiki tatu zikipita, ngozi iliyoungana huwa na kama humusi moja tu ya nguvu yake ya awali. Na paka hupona polepole kuliko mbwa. Watafiti waliovuta vidonda vilivyoshonwa ili kupima uimara wake walikuta kwamba siku ya saba kidonda cha paka kina nusu tu ya nguvu ya kile cha mbwa. Sasa piga picha ya mruko mmoja kutoka sakafuni hadi kabatini: misuli ya tumbo inakaza yote kwa pamoja, na kila upande unavuta ukingo wake. Uzi ukiachia, utumbo hupenya chini ya ngozi. Hiyo ni henia, na tiba yake ni kurudi kwenye kisu.

Yeye mwenyewe hatakwambia anaumwa. Dawa ya maumivu imemtuliza, na paka kwa asili huficha maumivu.

Kwa hiyo siku 10 hadi 14 ni za kifungo. Si lazima ununue kizimba cha duka. Tenga la kuku lililooshwa kwa sabuni na kuanikwa juani linafaa. Kreti mbili za mkate zilizofunikizana na kufungwa kwa kamba zinafaa pia, mradi aweze kusimama na kugeuka. Tandika leso kuukuu, weka maji, na beseni dogo la haja. Katika beseni usitie mchanga, maana vumbi hushika kwenye mshono. Chana gazeti, hata hili ukishalisoma. Usiku wa kwanza mwongezee chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa, kwa sababu nusukaputi hushusha joto la mwili na tumbo limenyolewa.

Paka mchanga asiye na kazi atalia hadi majirani wagonge mlango. Bahati nzuri kinachomchosha paka si kukimbia, ni kuwinda, na uwindaji mwingi ni wa pua na kichwa. Hapa watu wa ziwani wamebarikiwa kwa omena, wale dagaa wadogo. Pepeta mchanga, osha, chemsha bila chumvi. Wasiwe wabichi, kwa kuwa baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Chukua trei ya mayai, tia omena mmojammoja kwenye vishimo kumi hivi, kisha ziba kila kishimo kwa karatasi iliyofinyangwa. Atakaa hapo akichokoa kwa ukucha mmoja, masikio mbele, mkia ukicheza, na miguu yote iko sakafuni. Rudia mara tatu kwa siku, ila omena hao wahesabu ndani ya chakula chake. Ovari zikishatoka, mahitaji ya nishati hushuka kwa karibu robo, na hamu ya kula hupanda.

Adui wa pili wa mshono ni ulimi. Ule mkwaruzo unaousikia akikulamba mkono ni wa mamia ya vijimiba vigumu vilivyopinda kurudi nyuma, na kwenye mshono hufanya kazi ya tupa. Madaktari huvisha kola ya koni. Ukiikosa, tafuta soksi ndefu ya shule. Kata ncha ya vidole, kichwa kitokee hapo. Toboa matundu mawili ya miguu ya mbele, na mengine mawili ya nyuma, ukiacha wazi sehemu ya haja. Vidole vyako viwili vipite kati ya soksi na mwili. Ukimvisha atajiangusha ubavu kama asiye na mfupa hata mmoja. Mwache. Ni kiburi, si ugonjwa. Soksi ikilowa, badilisha.

Kuhusu dawa sitapunguza makali. Tembe moja ya Panadol ya miligramu 500 inaweza kumuua paka. Ini lake halina kimeng'enya cha kuisafisha, na damu hugeuka rangi ya kahawia na kushindwa kubeba oksijeni. Dettol nayo, na jamii yake ya fenoli, ni sumu kwake akiilamba. Usimpulizie dawa ya kupe ya ng'ombe kwa kuogopa viroboto. Majivu na chumvi viache jikoni. Mshono mkavu haupakwi kitu asichokitoa daktari. Kazi yako ni kuzuia nzi, na hilo karibu na wanakoanika omena maana yake ni paka kulala ndani.

Mwangalie asubuhi na jioni, penye mwanga. Uvimbe mdogo mgumu chini ya mshono ni kawaida, mwili ukipambana na uzi. Ulio laini, unaorudi ndani ukiubonyeza au unaokua, mpeleke siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo damu isiyokoma, usaha, harufu, ufizi mweupe, joto kupita nyuzi 39.5 za Selsiasi, au kutokula saa 24.

Umpeleke kwa nani? Madaktari wengi wa huku siku yao hupita kwenye ng'ombe na mbuzi, na muuza dawa wa agroveti si lazima awe mpasuaji. Kufungua tumbo ni kazi ya daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, iliyo chini ya sheria ya mwaka 2011. Kabla hujamwachia paka, muulize amewahi kupasua wangapi, uzi ni wa kuyeyuka au wa kutolewa, na usiku utampata kwa simu gani. Ukilazimika kwenda hadi Kisumu kwa barabara ya Kisii, rudi na katoni mapajani ndani ya matatu, si nyuma ya bodaboda.

Siku ya kumi na nne, uzi wa mwisho ukishatolewa na daktari akabonyeza tumbo na kuridhika, vua soksi. Atajilamba ubavu kwa dakika nzima bila kukutazama, kisha ataangalia pazia.