Mijusi Wawili, Bibi Mmoja na Theluji ya Silver Spring

Wazazi wenzangu mliokulia pwani mtanielewa. Kwetu Tanga mjusi kafiri hakuwa mnyama wa kufugwa. Alikaa nyuma ya saa ya ukutani au karibu na taa, akidaka wadudu, na aliyemwona wa kwanza alivua kandambili. Chuoni tulifundishwa kwamba mjusi huyo aliupuliza moto aliotupwa Nabii Ibrahim ili uzidi kuwaka, na kwamba anayemuua kwa pigo moja ana thawabu. Mimi mwenyewe niliwaua wengi, na nilijisifu kwa hilo.

Kwa hiyo mwaka 2015 binti yangu, wakati huo akiwa na miaka 9, aliponiambia kwamba anataka kufuga mjusi, nilicheka. Tunaishi Silver Spring, Maryland, kwenye jengo lisiloruhusu mbwa wala paka. Alinibembeleza miezi minne. Aliazima vitabu maktaba, na Jumamosi moja akanipeleka kwenye bustani ya wanyama ya Smithsonian mjini Washington ili nikawatazame watambaazi kupitia kioo. Mwishowe nikakubali.

Wa buluu kutoka kwetu

Tulikwenda kwenye maonyesho ya watambaazi. Kwenye meza moja nilimwona mjusi mwenye urefu wa kidole, buluu ya kung'aa kama shanga. Kibandiko kilisema: Tanzania. Nilitaka kumnunua pale pale, kwa sababu tu alikuwa wa nyumbani. Binti yangu akamuuliza muuzaji, "Huyu alizaliwa hapa au alikamatwa msituni?" Hakupata jibu la wazi. Tukaondoka.

Usiku ule nilisoma. Mjusi yule, ambaye wataalamu humwita Lygodactylus williamsi, kwa asili hupatikana Tanzania tu, hasa katika msitu mdogo wa Kimboza, chini ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Anaishi kwenye mikadi, jamii ile ile ya mkadi ambao bibi zetu walitia kwenye vikuba. Wakamataji walikuwa wakiikata mikadi yenyewe ili wamfikie. Watafiti walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji lilichukua zaidi ya mijusi 32,000. Mwaka uliofuata, 2016, nchi za mkataba wa CITES zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya mijusi hao wanaokamatwa porini.

Tangu siku ile, swali la binti yangu ndilo la kwanza ninalomfundisha mzazi yeyote: alizaliwa wapi? Kama muuzaji hajui, usinunue.

Kashata na Bisi

Tulichukua mijusi chui. Asili yao ni nchi kavu za Pakistani, Afghanistani na jirani zake, lakini wamezalishwa mikononi mwa watu kwa vizazi vingi, nao ni wapole. Walikuwa na wiki chache tu, wembamba kama penseli. Binti yangu akawaita Kashata na Bisi.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuwaweka pamoja. Muuzaji alisema wataelewana. Baada ya wiki tatu tulimkuta Kashata amejibana pembeni, hana mkia. Mjusi akishikwa au akiogopa huuacha mkia ukikatika, na kwa mjusi chui mkia ndiyo ghala: mafuta ya akiba yamo humo. Daktari wa wanyama alituambia tuwatenganishe siku hiyo hiyo, kila mmoja na tangi lake.

Mengine tuliyojifunza ni haya. Mjusi hana joto lake mwenyewe, hulipata anapolala. Chini ya upande mmoja wa tangi weka mkeka wa umeme wenye kidhibiti joto, sakafu ya upande huo iwe nyuzi 31 hadi 32 za Selsiasi, na upande wa pili uwe kama 25. Pima kwa kipimajoto, usitumie kiganja. Mpe maficho matatu: kwenye joto, kwenye ubaridi, na moja lenye unyevu la kumsaidia kujivua ngozi. Akishajivua, mkague vidole. Ngozi iliyobaki hukaza kama uzi na kidole huweza kukatika.

Usimwekee mchanga mtoto wa mjusi, maana anaweza kuumeza ukamziba tumbo. Karatasi za kufutia jikoni zinatosha.

Chakula ni wadudu walio hai, kila siku akiwa mchanga. Mdudu asizidi nafasi iliyo kati ya macho mawili ya mjusi. Sisi tunanunua nyenje, tunawalisha karoti na sukuma wiki kwanza, kisha tunawapaka unga wa kalisiamu. Nyenje asiyeliwa mtoe, maana usiku humng'ata mjusi. Wiki mbili za mwanzo usimshikeshike. Na usimshike mkia, kamwe.

Bibi anafika

Desemba mama yangu alikuja kutoka Tanga kunilea arobaini, kwa kuwa nilikuwa nimejifungua mtoto wa pili. Hapa lazima niseme ukweli. Watambaazi huweza kubeba vijidudu vya salmonela hata wakionekana wazima, na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inashauri nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5 isifuge watambaazi. Nililijua jambo hilo nikiwa tayari na kitoto kichanga kifuani. Nikiulizwa leo nitasema: subirini. Sisi tulifunga mlango wa chumba cha binti yangu na kuweka sheria: sabuni kila baada ya kugusa chochote cha mjusi, na vyombo vyake visikaribie sinki la jikoni.

Mama alipoyaona matangi, alishika kandambili.

"Mwanangu, nimevuka bahari kuja kulala nyumba moja na mjusi kafiri?"

"Bibi, ngoja umtazame vizuri," binti yangu akamwambia. "Hawezi hata kupanda ukuta. Vidole vyake havinati."

Mama akavaa miwani, akainama. Bisi alikuwa anasinzia. Akafungua jicho, akalifunga tena taratibu.

"Anafumba macho," mama akasema. "Kafiri hafumbi."

Ni kweli. Mijusi wa ukutani kwetu hawana kope zinazofunga. Huyasafisha macho kwa ulimi. Mjusi chui anazo. Mama akairudisha kandambili mguuni. Hata hivyo kusimamia sabuni alikuchukua yeye, na hakuna aliyemponyoka, hata baba wa watoto.

Usiku wa theluji

Ijumaa, 22 Januari 2016, theluji ilianza kuanguka. Metro ilisimama wikendi nzima. Jumamosi jioni umeme wa jengo letu ukakatika, kwa saa tisa. Sisi tulikuwa na blanketi, na kichanga kilikuwa baina yangu na mama. Lakini mikeka ya mijusi ilikuwa imezima, na Kashata hakuwa bado na mkia wa kutegemea.

Jiko letu ni la gesi. Mama alichemsha maji, akayatia kwenye chupa, akazifunga chupa kwa kanga, akamkabidhi mjukuu wake mlangoni. Binti yangu aliwahamishia mijusi kwenye vibweta viwili vya plastiki vyenye matundu, akaviweka kando ya chupa bila kuzigusa, akafunika vyote kwa blanketi. Kila maji yalipopoa, mama alichemsha mengine.

"Wape chakula basi, wapate nguvu," akasema.

"Hapana, Bibi. Bila joto chakula hakisagiki, kinawaozea tumboni."

Mama akanitazama. "Huyu mtoto amesoma."

Alfajiri umeme ulirudi. Kashata alitoa ulimi, akalamba pua.

Miaka mingi mbele

Mjusi chui akitunzwa vizuri huishi miaka 15 hadi 20, na hilo wazazi wengi hawaambiwi dukani. Binti yangu sasa yuko chuo kikuu, na bweni lao haliruhusu wanyama. Mwenye kununua nyenje kila wiki ni mimi. Mkia wa Kashata uliota tena, mfupi na mnene kama kitunguu. Kabla hujamkubalia mwanao, jiulize kama wewe mwenyewe uko tayari, maana siku moja atakuachia.

Nikipiga simu Tanga, mama huuliza kwanza habari za wajukuu. Kisha huuliza, "Na wale wanaofumba macho, hawajambo?"