Kesi Iliyo Mbele za Mungu

Somo: Zaburi ya 94



Wengi wetu twamjua mama kama huyu. Mumewe alipofariki, matanga yalikuwa hayajaisha shemeji zake walipoanza kulipima shamba kwa hatua. Miti ya mpaka iling'olewa usiku. Amekwenda kwa chifu, amekwenda kortini, na kila mara aambiwa kesi imeahirishwa. Jumapili yuko kanisani, naye shemeji mkubwa huketi kiti cha mbele akiimba kwa sauti kuliko wote. Je, mama huyu aombe nini?

Sisi humwambia, "Mama, vumilia, yasahau." Lakini aliyeiandika Zaburi ya 94 hakunyamaza hata kidogo. Aanza kwa kumsihi Mungu mwenye kisasi ajitokeze. Auliza, tena mara mbili katika mstari mmoja, waovu watashangilia mpaka lini. Awataja wanaoonewa: mjane, mgeni na yatima. Waovu wamejiambia ya kuwa Mungu wa Yakobo haangalii, naye awajibu kwa hoja ambayo hata mtoto aweza kuifuata, kwamba fundi aliyetengeneza sikio na jicho hawezi kuwa yeye mwenyewe kiziwi na kipofu.

Kisha, katika mstari wa 20, yuko jambo ambalo wengi hulipita wakisoma upesi. Hapo asema juu ya watawala wanaotumia sheria yenyewe kuwadhuru watu. Huyu si mwizi wa kuvunja mlango; ni mtu mwenye karatasi na muhuri.

Mkumbukeni Nabothi, katika 1 Wafalme 21. Torati ilikuwa wazi: Kumbukumbu la Torati 27 yamlaani aondoaye mpaka wa jirani yake. Lakini Ahabu alipolitamani shamba la mizabibu, Yezebeli hakutuma wanyang'anyi. Aliandika barua, akazitia muhuri wa mfalme. Wazee wa mji wakatangaza mfungo (naam, hata mfungo!), mashahidi wawili wakasema uongo, na Nabothi akapigwa mawe. Kila kitu kilifuata utaratibu. Kesi ikafungwa. Ndipo Mungu akamtuma Eliya amkute Ahabu mle mle shambani, na kesi iliyofungwa na wazee ikafunguliwa tena.

Basi, kumwomba Mungu alipize kisasi si dhambi ya ulimi. Aombaye hivyo ameweka panga chini, kwa maana amemwachia Hakimu kazi yake, kama Paulo alivyowafundisha Warumi katika sura ya 12. Hatari iko kwa yule anayenyamaza kanisani kisha aenda nyumbani kunoa.

Lakini tusimdanganye mama huyu. Nabothi hakurudishiwa uhai wake. Tena Ahabu aliposikia hukumu alivaa gunia, akafunga, akajinyenyekeza, na Mungu akaiahirisha adhabu ya nyumba yake hata siku za mwanawe. Neno hilo ni gumu kwa mtu aliyechoka kuambiwa kesi imeahirishwa! Hata hivyo kuahirisha kwa Mungu si kwa karani aliyekula hongo. Humpa mkosaji nafasi ya kutubu, hata yule wa kiti cha mbele. Na huku tukingoja, mwandishi wa zaburi ashuhudia kwamba mguu wake ulipokuwa ukiteleza, fadhili za Bwana zilimshika, na mawazo yalipomzidi moyoni alipata faraja. Bado waovu walikuwapo. Mstari wa mwisho wanena juu ya adhabu yao kama jambo linalokuja, si kama jambo lililokwisha.

Kwa hiyo siku ya kesi ikifika, mama na achukue karatasi zake aende, akiwa ameisoma Zaburi hii asubuhi kwa sauti. Nasi tulio wazee wa kanisa tufuatane naye, tuketi naye kwenye benchi hadi aitwe. Na kabla ya Jumapili, wawili wetu wamtembelee yule shemeji, wazungumze naye pale pale mpakani, mahali miti ilipokuwa.