Adabu ya Kuhariri Maandishi ya Mwenzio

Katika ofisi, shule na vyumba vya magazeti, maandishi ya mtu mmoja hupita mikononi mwa mwingine kabla ya kutolewa. Kazi hiyo ina adabu yake, na adabu hiyo ikikosekana, si mwandishi peke yake apataye hasara, bali lugha pia.

Yafaa kwanza tutofautishe mambo matatu. Kusahihisha ni kuondoa kosa. Kuhariri ni kuyatengeneza maandishi ili yaeleweke vyema zaidi, nayo yabaki kuwa ya mwandishi. Kutunga upya ni kuweka maneno yako mahali pa maneno ya mwenzio. Mhariri ana haki ya mawili ya kwanza. La tatu halimhusu asipopewa idhini.

Tuchukue mfano wa Lupaso, wilayani Masasi. Hapo ndipo alipozaliwa, mwaka 1938, Benjamin William Mkapa, ambaye kabla ya kuwa Rais alikuwa mhariri: wa The Nationalist na Uhuru kuanzia 1966, kisha wa Daily News mwaka 1972. Hapo pia, kama Newala na kwingineko Kusini, korosho ni zao la biashara.

Tuseme karani wa chama cha msingi ameandika taarifa ya msimu. Ameandika “ghara” badala ya “ghala”, na “korosho limeuzwa” badala ya “korosho zimeuzwa”. Haya ni makosa, na mhariri ayaondoe bila kusita. Lakini karani ameandika pia kwamba mabibo yameiva. Mhariri asiyeijua mikorosho aweza kubadili na kuandika “korosho zimeiva”, akadhani amesaidia. Kumbe bibo ni tunda lenye maji, nayo korosho ni mbegu iliyoning'inia chini yake. Mhariri wa pwani ya Kenya naye aweza kufuta “mkorosho” na kuandika “mkanju”. Hapo hakuna kosa lililosahihishwa. Mazoea ya mmoja yamewekwa juu ya mazoea ya mwingine.

Zito zaidi ni neno “kangomba”, yaani ununuzi wa korosho kwa bei ya chini, nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza kutumika kwa zao hilo msimu wa 2007/2008. Mhariri akiandika “ulanguzi”, sentensi itakuwa sanifu, lakini msomaji hatajua tena ni biashara gani inayolalamikiwa, na mkulima atakuwa amenyang'anywa jina la jambo linalomwumiza.

Historia yatuonya. Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ilipewa, pamoja na kazi ya kusanifisha Kiswahili, kazi ya kupitia miswada ya vitabu. Manufaa yake katika tahajia hayakanushiki. Hata hivyo, katika miaka yake ya mwanzo haikuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja, na hivyo wenye lugha walisahihishwa na wageni. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa liundwe kwa sheria ya mwaka 1967, kalamu imo mikononi mwetu wenyewe. Isiwe kalamu ile ile dhidi ya watu wa mikoani.

Kwa hiyo twashauri:

(a) Kila badiliko liwe na sababu inayoweza kutajwa. “Mimi nisingesema hivi” si sababu.

(b) Neno usilolijua liulizwe kabla ya kufutwa. Likiwa geni kwa wasomaji, liachwe na kufafanuliwa.

(c) Badiliko linalogusa maana lirudishwe kwa mwandishi alikubali au alikatae.

(d) Maandishi yakihitaji kuandikwa upya, mwandishi aelezwe upungufu wake kwa upole, naye apewe nafasi ya kuyaandika mwenyewe.

Wakusanyaji wa istilahi hutegemea maneno yanayowafikia katika maandishi. Neno lililofutwa mezani pa mhariri haliwezi kujadiliwa, kukubaliwa wala kukataliwa. Litabaki midomoni mwa watu wa Lupaso na Newala, na kamusi haitakuwa nalo.