Vifuko Vinavyowakinga Bakteria Dhidi ya Mwili na Dawa

Mtoto ana homa, sikio linatoa usaha, na mzazi amempa amoksilini siku tatu bila nafuu. Lawama ya kwanza huangukia dawa: huenda ni bandia, au imeharibika. Wakati mwingine ni kweli. Lakini ipo sababu nyingine ambayo wakazi wengi hawajaisikia, nayo inahusu vifuko vidogo mno ambavyo bakteria huvitoa na kuviachilia vizunguke.

Bakteria wengi wanaoleta magonjwa wamefunikwa na utando wa nje. Utando huo hufura mahali fulani ukatokeza kama povu la sabuni, kisha kipande hicho hujikata na kuelea peke yake. Kifuko cha namna hiyo kina upana wa nanomita 20 hadi 250 hivi, wakati unywele wa binadamu hufikia nanomita 80,000 hivi. Darubini ya kawaida ya maabara ya hospitali haiwezi kukionyesha. Mwaka wa 1967, watafiti wa India S. N. Chatterjee na J. Das walieleza jinsi walivyoona, kwa darubini ya elektroni, bakteria wa kipindupindu wakitoa vipande hivyo. Kwa miaka mingi wanasayansi wengi walivichukulia kuwa takataka tu.

Kumbe vina kazi. Ndani ya damu mna protini ziitwazo komplimenti. Zikikutana na bakteria hunata juu ya utando wake na kuutoboa, naye hufa. Kingamwili nazo hunata kwenye alama zilizo juu ya bakteria na kuziita chembe nyeupe za damu zije kummeza. Sasa, kifuko kimetengenezwa kwa utando ule ule, chenye alama zile zile, na protini za kinga haziwezi kuvitofautisha. Hunata kwenye vifuko, zikaishia huko, na bakteria mwenyewe akapita. Ni kama mwizi wa sokoni anayeacha koti mikononi mwa umati na kutokomea.

Mfano uliochunguzwa vizuri ni wa Moraxella catarrhalis, bakteria anayeishi puani na kooni, hasa kwa watoto wadogo, na anayechangia maambukizi ya sikio la kati. Mwaka wa 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, walionyesha kwamba vifuko vyake hunasa protini ya komplimenti iitwayo C3. Aliyenufaika hakuwa Moraxella peke yake. Jirani yake, Haemophilus influenzae, ambaye kwa kawaida huuawa na majimaji ya damu, alistahimili zaidi vifuko vilipokuwapo.

Mwaka wa 2011 likaja jambo linalomgusa mzazi moja kwa moja. Ilibainika kwamba vifuko hivyo hubeba pia kimeng'enya cha beta-laktamasi, ambacho huvunja amoksilini kabla haijafanya kazi. Viliwakinga Haemophilus na nimokokasi, bakteria ambao dawa hiyo ingewaua. Majaribio hayo yalifanywa maabara, si mwilini mwa mtoto, na tofauti hiyo ni muhimu. Hata hivyo yanaonyesha kwamba bakteria asiye sugu anaweza kuponea kwa msaada wa jirani.

Ndiyo maana daktari au afisa wa kliniki huweza kubadilisha dawa na kuandika amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki, ambayo hukizuia kimeng'enya hicho. Uamuzi huo ni wake baada ya kumpima mtoto, si wa kufanyiwa kwenye kaunta ya duka la dawa kwa kuomba "ile kali". Mafua na vikohozi vingi vya watoto huletwa na virusi, na antibiotiki yoyote, kali au nyepesi, haiviui.

Kipindupindu nacho kina hila yake. Watafiti waligundua mwaka wa 2013 kwamba vifuko vya bakteria wake, vikiwa na protini iitwayo Bap1, hunasa LL-37, silaha ambayo mwili wenyewe hutengeneza kuua vijidudu. Hilo halibadilishi tiba: mgonjwa aanzishiwe maji ya chumvi na sukari ya ORS mara moja na apelekwe kituoni.

Vifuko hivyo hivyo vimegeuzwa kuwa chanjo. Kwa kuwa vimebeba alama za bakteria lakini haviwezi kuzaana, huufunza mwili kumtambua adui bila kuugua. Cuba na Norway zilitumia njia hiyo dhidi ya homa ya uti wa mgongo ya kundi B, na New Zealand ikafuata mwaka wa 2004. Baadaye ikaonekana huko kwamba vijana waliochanjwa walipata kisonono kwa kiwango kilichopungua kwa takriban asilimia 31, faida ambayo haikuwa imekusudiwa.

Hapa Kenya, chanjo ya nimonia dhidi ya nimokokasi imekuwa ikitolewa tangu 2011, mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Aliyekosa dozi apelekwe kliniki pamoja na kijitabu chake. Mtoto aliyeanza antibiotiki na hana nafuu baada ya siku mbili au tatu arudishwe kituo kilichomtibu, na dawa zilizobaki zibebwe ili mhudumu azione. Akipumua kwa kasi, kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au akipata degedege, asisubiri siku hizo. Apelekwe saa hiyo hiyo, hata usiku.