Historia ya Gor Mahia: Funzo kwa Vikundi vya Kujisaidia



Vikundi vingi vinavyosoma gazeti hili vina timu ya mpira upande mmoja. Vijana wanacheza, wazee wanatoa ng'ombe dume wa zawadi wakati wa Krismasi, na akina mama wanauza chai na mandazi kando ya uwanja. Halafu baada ya miaka miwili mitatu timu inapotea. Ukiuliza, utaambiwa vijana walienda Nairobi kutafuta kazi. Lakini ukichunguza vizuri, mara nyingi utakuta jezi zilibaki nyumbani kwa mtu mmoja, na pesa za mwisho hakuna anayejua zilikwenda wapi.

Kwa sababu hiyo tumeamua kueleza habari za klabu ambayo kila mtu huku ziwani anaijua, yaani Gor Mahia. Wapenzi wa AFC Leopards wasikasirike. Hatuandiki ili kushangilia, tunataka kujifunza.

MPIRA ULIVYOFIKA

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, wakati mji ulikuwa ukiitwa Port Florence. Mwaka 1906 wamisheni wa CMS walianzisha shule ya Maseno. Shule za misheni zilifundisha kusoma, kuandika na useremala, na jioni watoto walicheza mpira. Kufikia mwaka 1926 Kenya na Uganda zilikuwa zimeanza kushindania Kombe la Gossage, lililotokana na kampuni ya sabuni ya Uingereza.

Watu wa Nyanza walipokwenda kufanya kazi ya reli, bandari na ofisi, huko Nairobi, Mombasa na Kampala, mpira walikwenda nao. Jambo lingine walilokwenda nalo ni desturi ya kusaidiana.

UMOJA ULITANGULIA TIMU

Hapa ndipo penye siri. Kabla ya timu kulikuwa na chama, Luo Union. Kazi yake kubwa haikuwa mpira. Mtu akifiwa mjini, wenzake walichanga ili maiti isafirishwe nyumbani. Mgeni akifika bila kazi, alipokelewa. Chama kilikuwa na matawi katika miji mingi ya Afrika Mashariki, na katika miaka ya 1950 kiongozi wake, aliyeitwa Ker, alikuwa Jaramogi Oginga Odinga, aliyewahi kuwa mwalimu Maseno.

Jaramogi huyo huyo ndiye aliyeongoza kampuni ya Luo Thrift and Trading Corporation, iliyoanza mwaka 1947. Watu wa kawaida walinunua hisa, na kwa pesa hizo Ramogi House ikajengwa mjini Kisumu. Ukumbi wa Ofafa pale Kaloleni nao ulijengwa kwa michango ya watu, kumkumbuka Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1953.

Kwa hivyo watu hawa walikuwa wamezoea kuchanga, kuandika majina na kuchagua viongozi. Timu ya mpira ya Luo Union ilitokea katika mazoea hayo. Ligi ya taifa ya Kenya ilianza mwaka 1963, na mwaka 1964 Luo Union ikawa bingwa.

TIMU MBILI ZIKAWA MOJA

Umoja si kitu cha kudumu kikiachwa bila kutunzwa. Mwaka 1966 Jaramogi alitoka KANU na kuongoza chama cha KPU. Tom Mboya alibaki KANU. Jamii ikavutwa huku na huku. Uwanjani nako kulikuwa na timu mbili, Luo Union na Luo Stars, zikigawana wachezaji na mashabiki wa nyumba moja.

Basi watu wakakaa chini wakazungumza. Mwezi Februari 1968 timu hizo mbili ziliungana, na ikazaliwa Gor Mahia. Jina hilo ni la mganga mashuhuri wa zamani wa Kanyamwa, upande wa Ndhiwa, ambaye watu walisimulia kwamba alifanya maajabu. Sisi wa Kanisa hatuhubiri uganga, lakini tutakubali kwamba ajabu moja ilitokea: mwaka huo huo wa 1968, timu iliyozaliwa juzi ilichukua ubingwa wa Kenya. Wachezaji hawakushushwa kutoka mbinguni. Walikuwa wale wale wa jana, ila sasa walivuta kamba upande mmoja.

JINA LILILOOKOA KLABU

Baadaye Luo Union ilirudi uwanjani kama timu ya peke yake, na ikachukua kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati mwaka 1976 na 1977. Kisha mwaka 1980 serikali ya Rais Moi ilivunja vyama vya kikabila. Klabu zenye majina ya makabila zililazimika kubadilisha. Luo Union ikawa Re-Union. Abaluhya ikawa AFC Leopards.

Gor Mahia ilibaki na jina lake, kwa sababu hilo ni jina la mtu, si la kabila. Chama kilichozaa mpira huo kilikwisha, lakini klabu ikaendelea. Vikundi vyetu vifikirie jambo hili. Kikundi kilichofunga mlango kwa jirani wa kabila lingine au dhehebu lingine kiko katika hatari siku sheria au siasa zikibadilika.

MWAKA 1987

Wengi wetu tunakumbuka. Gor Mahia ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika na kukutana na Esperance ya Tunisia. Mchezo wa kwanza, kule Tunis, ulikwisha 2-2. Wa pili, uwanja wa Kasarani, tarehe 5 Desemba 1987, ukaisha 1-1. Jumla ni 3-3. Lakini kwa kanuni ya wakati ule, bao la ugenini lilikuwa na uzito zaidi timu zikilingana. Gor ilikuwa na mabao mawili ya ugenini, Esperance moja. Kombe likabaki Kenya. Nahodha alikuwa Austin Oduor. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kuchukua kombe la bara la Afrika.

MIAKA 18 YA NJAA

Baada ya sifa hizo mtu angedhani klabu haitaanguka tena. Kumbe sivyo. Ilichukua ubingwa wa Kenya mwaka 1995, halafu haikuupata tena mpaka 2013. Miaka 18! Mtoto aliyezaliwa 1995 alikuwa mtu mzima mwenye kitambulisho.

Je, vijana wa kucheza walikosekana? Hapana. Nyanza haijawahi kukosa wachezaji. Kilichosumbua sana ni ugomvi wa ofisini: nani ni kiongozi halali, nani ameshika pesa za mlangoni, mchezaji amelipwa au hajalipwa. Mambo yalipotulia kidogo, vikombe vikarudi. Kufikia mwaka 2024 klabu ilikuwa imechukua ubingwa mara 21.

Hapa tuelewe tofauti ya shabiki na mwanachama. Shabiki anaimba, analipa kiingilio, anakwenda nyumbani. Mwanachama ameandikwa kwenye daftari, analipa ada, anapiga kura, na ana haki ya kuuliza hesabu. Klabu inaweza kuwa na mashabiki maelfu na maelfu, na bado ikashindwa kununua mipira, kwa sababu wanaoweza kuuliza ni wachache. Kikundi chenu cha watu 20 wanaouliza maswali kina nguvu kwa namna yake kuliko umati wa watu wanaopiga kelele tu.

TUFANYE NINI KATIKA VIKUNDI VYETU?

1. Andikeni wanachama. Daftari liwe na jina, tarehe ya kujiunga na ada iliyolipwa. Likae kwa katibu, na kila mwanachama aruhusiwe kulitazama.

2. Pesa za uwanjani zihesabiwe na watu watatu, pale pale, kabla ya kuondoka. Zisomwe mbele ya watu. Kesho zipelekwe benki.

3. Jezi, mipira na nyavu za goli ziandikwe kama mali ya kikundi. Anayezitunza atie sahihi, na akiacha kazi azirudishe kwa sahihi.

4. Fanyeni uchaguzi kwa wakati ulioandikwa kwenye katiba yenu, hata kama mwenyekiti ni mtu mzuri. Akiwa mzuri atachaguliwa tena.

5. Jiandikisheni. Klabu ya michezo huandikishwa kwa Msajili wa Michezo kufuatana na Sheria ya Michezo ya 2013. Kikundi cha kujisaidia hufuata Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Muulizeni ofisa wa maendeleo ya jamii katika eneo lenu.

6. Mkigombana, msikimbilie kuanzisha timu ya pili. Kumbukeni 1968. Tafuteni mzee, mama au mchungaji anayeaminiwa na pande zote, mkae chini.

Nehemia alipojenga ukuta wa Yerusalemu, kila jamaa ilipewa sehemu yake, na ilijulikana wazi nani anajenga wapi. Ndiyo maana kazi ilikwisha. Wahenga nao walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

– Kikundi chetu kina wanachama wangapi walioandikwa, na mashabiki wangapi?
– Mweka hazina akihama leo, mwingine anaweza kuendelea na hesabu kesho?
– Kuna ndugu waliojitenga na kikundi chetu? Nani atakwenda kuzungumza nao, na lini?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.