Balozi, Karani na Mkalimani

Huku kwetu Makere mtu akitaja balozi, wengi humdhania yule wa nyumba kumi. Balozi nimtakaye leo ni yule apelekwaye nchi ya kigeni kusema kwa niaba ya Serikali yake, pamoja na makarani wamsaidiao. Kazi yao ina ufundi wake, kama kazi ya mhunzi, wala haipatikani kwa kuvaa koti jipya.

Tanganyika ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, wenye elimu ya juu walikuwa haba mno. Mwalimu Nyerere alizoea kueleza kwamba Waingereza walituachia madaktari 12 na wahandisi 2. Basi mabalozi wangetoka wapi? Mwaka 1964 Salim Ahmed Salim, Mzanzibari, alipelekwa Misri kuwa balozi, na umri wake miaka 22 tu. Alijifunza kazi akiwa kazini, hata mwaka 1989 akawa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Lakini si kila kijana ni Salim. Ndipo mwaka 1978 Tanzania na Msumbiji zikaanzisha Chuo cha Diplomasia, Kurasini, Dar es Salaam.

Ufundi huo wahitajiwa hata porini kwetu. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya waliokimbia vita vya Zaire, na tangu 2015 ikapokea Warundi wengi. Hapo kwanza Warundi walikubaliwa wote kwa jumla. Lakini Januari 2017 desturi hiyo ilikomeshwa, ikawa kila mmoja aeleze mwenyewe sababu ya kukimbia. Maneno yake huandikwa, na kwa maandiko hayo huamuliwa kama atapewa hifadhi au atanyimwa.

Hapo ndipo penye hatari. Kiha na Kirundi ni ndugu, na Muha husikilizana na Mrundi sokoni pasipo taabu. Kufasiri mbele ya afisa ni jambo jingine. Mkimbizi akisema, "Niliona ndugu yangu akichukuliwa," naye mkalimani akasema, "Alisikia," ushahidi umekwisha kugeuka uvumi, na mtu aweza kurudishwa alikokimbia. Mkalimani hana ruhusa ya kuongeza neno kwa huruma, wala kupunguza kwa uchovu.

Nami nilipoomba kazi ya ukarani, fomu iliniuliza kama najua Kiingereza na Kiswahili. Habari ya Kiha haikuulizwa, nikaiandika mwenyewe pembeni kwa wino.