Mgonjwa wa saratani: Mizani ikipanda, angalia na mapaja

Hivi karibuni kijana mmoja alimleta mama yake kliniki akiwa na furaha. “Dokta, mama ameongezeka kilo mbili, Mungu mkubwa,” aliniambia. Mama mwenyewe alikuwa kimya. Alipolala kitandani nikaona tumbo limejaa, miguu imevimba, lakini mapaja yamesinyaa. Kilo zile mbili zilikuwa maji.

Ndugu msomaji, mizani haijui kutofautisha maji, mafuta, uvimbe na misuli. Saratani hubadili namna mwili unavyotumia chakula, hivyo mgonjwa anaweza kupoteza misuli hata akiwa anakula. Ukiongeza kichefuchefu na vidonda vya mdomoni vinavyoletwa na dawa, hali huwa mbaya zaidi. Misuli ikipungua, mgonjwa hushindwa hata kuinuka kwenye kiti, madhara ya dawa humwelemea, na wakati mwingine tunalazimika kupunguza dozi au kuahirisha matibabu.

Njia mojawapo ya kuiona misuli ni ultrasaundi, mashine ileile inayotumika kwa wajawazito. Mgonjwa hulala chali, miguu imenyooka na kulegea. Tunapima kutoka mfupa wa nyonga hadi kwenye goti, tunaweka alama, tunapaka jeli, kisha tunagusisha kifaa juu ya paja bila kukandamiza. Kwenye kioo tunaona msuli na tunapima unene wake. Haiumi, haina mionzi, na huchukua dakika chache. Picha ya CT nayo huonyesha misuli, lakini ina mionzi na gharama kubwa, hivyo hatuwezi kuirudia mara kwa mara kwa ajili ya lishe tu.

Kipimo hiki kina mipaka yake. Mpimaji akikandamiza, msuli utaonekana mwembamba kuliko ulivyo. Pia hakuna namba moja iliyokubalika kwa wagonjwa wote. Faida yake kubwa ni kumlinganisha mgonjwa na yeye mwenyewe: sehemu ileile ya paja, wiki kadhaa baadaye. Hakiondoi umuhimu wa kupima uzito na kumuuliza mgonjwa anakula nini.

Kama hospitali yako haina huduma hii, bado unaweza kuwahi. Mtu wa kilo 60 aliyepungua zaidi ya kilo 3 ndani ya miezi 6 bila kukusudia anahitaji kuonwa kuhusu lishe. Angalia kama nguo zinapwaya mapajani na mabegani, na kama anahitaji kujishika ili asimame.

Kwa mzazi mwenye mtoto mwenye uvimbe tumboni, kumbuka kuwa mizani inapima na uvimbe pia. Omba apimwe mkono kwa utepe. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi chini ya miaka 5, mzunguko wa mkono ulio chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Usisubiri tarehe ya kliniki.

Nyumbani, mpe mgonjwa chakula kidogo kidogo mara nyingi: mayai, samaki, dagaa, maziwa, maharage, karanga. Uji uongezewe maziwa au karanga. Atembee kidogo kila siku kadiri anavyoweza, maana msuli usiotumika husinyaa. Na usimnyime vyakula kwa kuambiwa kwamba vinalisha saratani. Wengi nimewaona wakidhoofika kwa miiko ya namna hiyo. Mwenye kisukari au ugonjwa wa figo afuate maelekezo ya daktari wake.

Yule kijana aliniuliza, “Kwa hiyo nilikuwa nafurahia maji?” Nilimjibu kuwa alifanya vema kumpima mama yake na kuja kusema, kwani ndiyo sababu tuligundua. Leo ana daftari: uzito, chakula, na kama mama ameinuka mwenyewe. Nawe anza lako, na uende nalo kliniki.